Mlalamikaji Anadai Kwamba

Sehemu ya tisa

Hatujamsahau, msomaji. Tulimwacha Joëlla juu ya ngazi ya maktaba ya sheria, mkono umezama hadi kiwiko nyuma ya rafu ya mwisho, vidole vimeshika kitabu alichokitafuta mji mzima. Akavuta. Na kitabu kikavutwa kutoka upande wa pili.

Basi tusizungushane. Aliyekuwa upande wa pili ni Valéry.

Ndiyo, Valéry yule yule! Aliyesoma naye meza moja miaka yote ya chuo. Aliyesema atakwenda na wazee wake mtaa wa Kanyosha, kwa mama wa msichana, kuposa, kisha akaenda kufanya stage, mafunzo ya uwakili, kwa Maître Prudence na salamu zikakauka.

Na kwa aliyejiunga nasi leo: Maître Prudence ndiye wakili wa Zénon, baba mdogo wa Joëlla. Zénon anataka nyumba ya Kanyosha iliyojengwa na marehemu kaka yake. Marehemu aliacha mjane na binti mmoja, hakuacha mtoto wa kiume. Zénon ameshinda mahakama ya chini. Rufaa inasikilizwa kesho asubuhi, na akishinda tena, Joëlla na mama yake Béatrice wanatoka.

"Achilia," Joëlla alisema kupitia tundu la rafu.

"We ndiye uachilie."

"Mi niliishika wa kwanza!"

"Joëlla, sikia. Hii kitabu uiache mahali ilikuwa. Tafadhali."

Aliyesomea sheria Bujumbura anaijua michezo hii. Kitabu ni kimoja, wanaokitaka ni darasa zima. Mwerevu hukichukua jioni na kukichomeka nyuma ya magazeti ya zamani ya serikali, ambayo hakuna anayeyagusa, ili kesho akichomoe peke yake. Kila kundi la wanafunzi lina maficho yake, na Joëlla alikuwa ameyapekua yote. Ndivyo alivyokipata.

Kwa hiyo alipomwona Valéry pale, hesabu ilikuwa rahisi. Kijana ametumwa na bosi wake kuficha silaha ya adui. Damu ikampanda kichwani.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Unaficha kitabu! Mwizi wa kitabu!"

"Nyamaza, Joëlla! Utaita batu!"

"Ndivyo nataka! Wakuje!"

Na watu wakaja. Kwanza vichwa vya wasomaji viliinuka mezani, kisha akatokea Atumani, msimamizi wa maktaba, kofia yake ya kufuma imekaa upande kwa hasira.

Atumani ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Hajafungua kitabu hata kimoja kati ya vile anavyovilinda, na husema hilo bila haya: yeye amepewa kulinda, hakupewa kusoma. Lakini sheria za ukumbi wake anazo kichwani zote. Mifuko inabaki nje. Simu zinaingia katika katoni mlangoni, hata ya jaji. Picha hakuna. Na kelele ni dhambi.

"Subhanallah! Hapa ni soko la samaki?"

"Mzee Atumani, alitaka kuificha!"

"Mzee, hii kitabu haina kazi," Valéry alisema haraka mno. "Irudi tu mahali yake. Mi sina shida nayo tena."

Hapo, msomaji, mtu aliyetulia angejiuliza maswali. Mwizi gani anaomba kitu kirudishwe? Lakini Joëlla hakuwa ametulia. Mwenye hasira akili yake huenda kutembea.

Atumani alikinyakua kitabu kutoka mikononi mwa wote wawili. "Kitabu kikigombewa, kinakaa mezani kwangu, mbele ya macho yangu. Anayekitaka anasomea hapo. Hakitoki, hakirudi rafuni mpaka niseme."

"Asante, mzee," alisema Joëlla.

Valéry alimfuata hadi katikati ya ukumbi, akimnong'oneza sikioni. "Usiisomee hapo mbele. Nakuomba. Kwa jina la ile siku tulikaa kwa ziwa, nakuomba."

"Ulikuja kuficha haki ya mama yangu. Ona haya kidogo."

Valéry alirudi nyuma hatua moja. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kabisa.

Sasa, kwa nini kitabu hiki? Kwa sababu ya sentensi moja.

Katika urithi wa ardhi korti zetu hutazama mila, na mila humtazama mwanamume kwanza. Joëlla alitafuta kifungu cha sheria cha kumsaidia mama yake, akakosa. Akatafuta katika mémoire, zile kazi ndefu ambazo wanafunzi huandika kabla ya kupewa digrii. Huko ndiko alikokutana na sentensi: *Binti pekee wa marehemu hawezi kutolewa katika nyumba ya baba yake maadamu yu hai.* Chini yake, maandishi madogo yalisema imetoka katika arrêt, yaani hukumu ya korti kubwa, na kutaja kitabu hiki cha hukumu na ukurasa.

Sentensi hiyo ilikuwa katika mémoire tatu. Wanasheria mjini waliijua kwa kichwa. Maître Maxime, wakili wa Joëlla, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiandika, enzi za ujana wake, na ndiyo iliyompa jina. Alijenga utetezi wote wa rufaa ya Béatrice juu yake. Mbali na hiyo hakuwa na kitu.

"Niletee arrêt nzima," alikuwa amemwambia Joëlla, "na muhuri wa maktaba. Kesho naiweka mbele ya jaji, na Zénon anarudi kwake na aibu."

Joëlla alifungua. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Akazitenganisha kwa ukucha, moja moja, hadi ukurasa wenyewe.

Na ilikuwapo! Juu kabisa ya ukurasa wa kulia, neno kwa neno. Binti pekee wa marehemu hawezi kutolewa.

Hakukaa hata kitini. Alikimbilia katoni ya simu mlangoni. Alipompita Atumani, mzee naye alikuwa ameshika simu yake, akimwambia mtu: "Ego, Maître, ndiyo, kimeonekana. Kiko hapa mbele yangu." Joëlla akafurahi zaidi. Alidhani ni Maître wake.

Nje barazani alipiga simu Kanyosha.

"Mama! Nimeipata!"

"Umeiona na macho yako?"

"Na macho yangu, mama. Iko imeandikwa vile vile!"

Kelele iliyotoka kule ilimfanya aondoe simu sikioni. Béatrice alikuwa na wanawake wa kwaya uani, waliokuja kumfariji kabla ya kesho, na wote walipiga vigelegele kwa pamoja.

"Mungu ni mukubwa! Si nilisema mi? Si nilibaambia?" Mama alikuwa analia na kucheka. "Sasa mwanangu, ile masufuria nilikuwa nimefunga mu magunia, nitoe?"

"Toa, mama. Toa yote. Rudisha mu jikoni."

"Natoa! Bamama, mukuje munisaidie kutoa!"

Joëlla alirudi ndani akitabasamu peke yake. Nakuomba umtazame vizuri, msomaji, kwa sababu tabasamu hilo hatutaliona tena leo.

Valéry alikuwa amesimama kando ya meza ya Atumani. Kitabu kilikuwa wazi, na mkono mpana wa mzee ulikuwa juu yake.

"Umeshapigia mama?" Valéry aliuliza.

"Nimempigia. Inakuuma?"

"Mungu wangu." Alishika kichwa. "Joëlla, rudi nyuma kidogo. Usome ukurasa wa kushoto. Mustari wa mwisho."

"Kwa nini?"

"Usome tu."

Aliinama. Ukurasa wa kushoto, mwisho kabisa, chini, pale ambapo karatasi inaishia na jicho halifiki, palikuwa na maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ni matatu tu: *Mlalamikaji anadai kwamba*.

Kisha jicho linahamia ukurasa wa kulia. Kisha inakuja sentensi.

Joëlla alisoma tena, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlalamikaji anadai kwamba binti pekee wa marehemu hawezi kutolewa katika nyumba ya baba yake maadamu yu hai.

Haikuwa korti iliyosema. Alikuwa mwanamke mmoja, binti kama yeye, aliyesimama mbele ya korti akiomba.

"Na korti ilimujibu nini?" aliuliza, ingawa moyo wake ulishajua.

"Funua mbele."

Alifunua. Nyuma ya karatasi ile ile, mwanzoni mwa ukurasa, korti ilikuwa imejibu kwa ufupi: dai hilo halina msingi, linakataliwa, nyumba na ardhi vibaki kwa ukoo wa marehemu.

Mwanamke yule alishindwa. Sentensi ambayo wasomi wameinakili na kuisifu, sentensi iliyowafanya wanawake wa Kanyosha wapige vigelegele dakika ile, ilikuwa kilio cha mtu aliyefukuzwa.

Joëlla alitafuta kiti kwa mkono, hakukiona, akakaa sakafuni.

"Hapa sakafuni hakukaliwi," alisema Atumani, lakini kwa sauti ya chini.

Valéry alichuchumaa karibu yake. "Maître Prudence alinituma niitafute. Niliiona ile siku. Nikamwambia kitabu haiko, imepotea. Nikaificha nyuma ya magazeti. Leo nilirudi niipeleke chini, mu stoo, mahali hata we hutaiona."

"Ulikuwa unanificha mi?"

"Nilikuwa naficha yeye! Maître! Hii kitabu ni moja mu mji muzima. Kama haionekane, jaji anabaki na phrase tu, ile sentensi. Na ile phrase jaji anaijua, kila mutu anaijua, walifundishwa nayo. Mungeshinda, Joëlla."

Alitazama kitabu mezani.

"Mungeshinda," alirudia.

Sijui kama wewe umewahi kuuvunja mlango wa nyumba yako mwenyewe ukidhani ndani kuna mwizi. Ndicho alichokifanya binti huyu. Kijana alikuwa anamkinga, naye akapiga kelele mpaka kitabu kikawekwa mezani mbele ya watu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda mbio kwa Maître Maxime. Yeye angeiondoa mu conclusions, ile karatasi ya utetezi, anaogopa aibu. Na mukiondoa hiyo, munabaki na nini?"

Hakuna. Walikuwa wanabaki bila kitu, na Joëlla alijua hivyo.

Aliinuka, akaenda tena barazani, akampigia Maître Maxime.

"Umeleta muhuri?" wakili aliuliza kwa furaha.

"Maître, naomba unijibu. Wakati uliandika mémoire yako, uliifungua hii kitabu? We mwenyewe?"

Wakili alikohoa mara mbili.

"Maître?"

"Ile wakati... kitabu wenzetu walikuwa wameificha. Ni ile mambo ya wanafunzi, unajua. Mwenzangu mumoja alinipa fotokopi."

"Fotokopi ya kurasa ngapi?"

"Ya ukurasa moja, Joëlla. Ule wenye phrase."

Akamweleza. Hakuongeza neno na hakupunguza. Upande ule ulisikika mlio wa kiti kikisukumwa.

"Lakini wengine pia waliiandika," wakili alisema. "Mémoire mbili! Walitaja mpaka na ukurasa!"

"Walinakili kwako, Maître."

"Basi... basi kesho tutaomba remise, kesi iahirishwe."

"Tumeshaomba. Jaji alisema hatatoa tena siku ingine."

"Unajua gari yangu haina essence, mafuta, tangu..."

"Utembee, Maître! Mama yangu atatembea kutoka Kanyosha!"

"Joëlla, mi niko na jina mu hii mji. Nikisimama pale, Prudence atasoma ile kitu mbele ya wote..."

Simu ikakatika. Au aliikata. Tuseme ilikatika, tumwachie mzee heshima yake, maana hana kingine kilichobaki.

Lakini maneno yake ya mwisho yalimwamsha Joëlla. *Prudence atasoma.* Atasoma akiwa nacho! Na hanacho bado! Kitabu kiko mezani, maktaba inakaribia kufungwa, kesho ni kesi. Bado kulikuwa na nafasi ya kupita sindano.

Aliingia mbio, akarusha simu katika katoni.

"Mzee Atumani, nimemaliza. Nikirudishe mwenyewe rafuni, nisikusumbue."

"Mi nitamusaidia," alidakia Valéry. "Ngazi ni mubovu."

Atumani aliwatazama. Waliokuwa wanatukanana sasa hivi, sasa wanataka kupanda ngazi pamoja.

"Kitabu kinangojewa," alisema.

"Na nani?"

"Na aliyeniachia ujumbe jana, nikikiona nimwite. Nimemwita. Mtu akiomba kitabu kwa adabu, anapewa."

Joëlla alikumbuka ile *ego, Maître*. Kumbe hakuwa Maître wake. Na mlango ukafunguliwa.

Maître Prudence aliingia kwa miguu kama sisi sote siku hizi za uhaba wa mafuta, viatu vimejaa vumbi la barabarani. Ni mwanamke mrefu wa makamo, asiyepandisha sauti. Aliweka simu yake katika katoni bila kuambiwa.

"Atumani, asante kwa kunipigia."

Kisha akamwona kijana wake.

"Valéry. Uliniambia haiko."

"Ilikuwa... ilikuwa imefichwa, Maître."

"Na imefichuka yenyewe?"

"Ni mi niliipata," alisema Joëlla. Hakujua kwa nini alimwokoa. Labda kwa sababu alikuwa ameshamwangamiza mara moja siku hiyo, na mara moja ilimtosha.

Maître Prudence aliwatazama mmoja baada ya mwingine, muda wa kutosha. Akamgeukia Atumani. "Nitolee fotokopi. Na muhuri."

Atumani alibonyeza mashine. Haikulia. Akatazama taa ya dari. Giza.

"Courant imeenda, Maître."

Msomaji, moyo wa Joëlla uliruka! Umeme wa Bujumbura unaotutukanisha kila siku, leo umekuja na neema! Usirudi, aliomba. Mungu wa mama yangu, usirudi mpaka keshokutwa.

"Nipige picha basi."

"Picha hakuna, Maître. Hata ukinipeleka kwa waziri."

"Kitabu niende nacho?"

"Hakitoki."

Sekunde chache nzuri zilipita. Kisha Atumani, kwa roho safi kabisa, akaongeza: "Lakini kuna kunakili kwa mkono. Zamani walinakili hivyo, nami nagonga muhuri. Korti inapokea."

"Unalinganisha kwanza na kitabu?"

"Mimi sisomi, Maître. Nagonga."

Maître Prudence alitoa karatasi nyeupe mkobani. Akaziweka mezani, akaweka na kalamu juu yake.

"Valéry, kaa. Andika."

"Maître, mwandiko wangu ni mubaya..."

"Andika."

Akakaa. Fikiria mwenyewe hali ya kijana yule. Alikuwa amehatarisha kazi yake ili karatasi ile isionekane na mtu, na sasa ni mkono wake utakaoizaa upya, herufi kwa herufi.

Maître Prudence alikwenda dirishani, penye mwanga, na kumwita Joëlla kwa kidole. Joëlla akaenda. Kukataa kungemsaidia nini?

"We ni mutoto wa Béatrice."

"Ndiyo."

"Uliisoma mpaka mwisho?"

"Niliisoma."

"Mulalamikaji, unamujua ni nani?"

"Wameandika herufi tu. Jina hakuna."

"Ni mama yangu," alisema Maître Prudence.

Joëlla alimkodolea macho.

"Ile phrase hakuna wakili alimuandikia. Alisema yeye mwenyewe, amesimama, na mi niko kwa benchi ya nyuma, miguu haifike chini. Baadaye kila siku nyumbani aliirudilia. Akipika, akifua. Nikiwa chuo, nikaona batu wanaiandika mu mémoire kama ni korti ilisema. Nilicheka, kisha nikalia. Sikumuambia mutu."

"Kwa hiyo ulijua. Tangu mwanzo."

"Arrêt hii naijua kwa kichwa, mwanzo mpaka mwisho. Neno moja haliwezi kunipita. Mi nilihitaji muhuri tu."

Basi kule kuficha kote kulikuwa bure. Uongo wa Valéry, ngazi, magazeti ya zamani, vyote bure.

"Na mama yako? Alikwenda wapi?"

"Kinama. Mu chumba cha kupanga. Alikufa mule mule."

"Maître, we ulitolewa mu nyumba ya babu yako. Na unamutetea Zénon?"

Maître Prudence alitazama nje, barabarani, ambako watu walikuwa wanarudi makwao kwa miguu.

"Siku ile nilijifunza upande gani unashinda."

"Na sisi tuende wapi?"

"Kule tulienda sisi."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hilo ndilo lililomvunja Joëlla. Angetukanwa, angejibu. Alifuta macho kwa kiganja, akarudi mezani kuchukua kalamu yake mwenyewe aliyoisahau kando ya kitabu, maana ilikuwa yake na hakutaka kuiacha pale.

Valéry alikuwa anaandika kwa kasi. Joëlla alisimama nyuma ya bega lake, macho yakaanguka kwenye karatasi.

Mwandiko haukuwa mbaya hata kidogo. Ulikuwa ule ule uliomwandikia barua za mapenzi. Lakini pale palipotakiwa kuwa na *Mlalamikaji anadai kwamba*, Valéry alikuwa ameandika *Korti inaona kwamba*.

Joëlla alisoma mara ya pili.

Valéry aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu alipoacha kumsalimu, alimtabasamia. Kisha, kwa kidole gumba, alifunua kitabu: karatasi mbili kwa pamoja, kana kwamba unyevu umezishikanisha tena. Ule ukurasa ambao korti inamkataa mwanamke yule ukapita bila kuonekana. Kalamu ikaenda moja kwa moja kwenye tarehe na sahihi za majaji.

Kughushi hukumu! Mtu anayekula kiapo cha uwakili mwakani! Hiyo haiishii kwenye kufukuzwa stage. Hiyo ni gereza.

Na hajui. Maskini kijana hajui mwanamke aliye dirishani ni nani. Anadhani bosi wake hajawahi kuuona ukurasa huu, kwa hiyo ataipokea karatasi, ataibeba, na kesho mbele ya jaji atajipiga risasi ya mguu.

Joëlla alitikisa kichwa. Apana. Apana, Valéry. Lakini Valéry alidhani ni shukrani, akamkonyeza.

Aseme? Akisema, anamkabidhi kwa mdomo wake, kama alivyokikabidhi kitabu. Asiseme? Aliona masufuria ya mama yake yakitoka kwenye magunia, moja moja, wanawake wa kwaya wakiyapanga jikoni.

"Nimemaliza, mzee," alisema Valéry.

"Lete." Atumani alipumulia muhuri, akaukandamiza kwa mikono yote miwili. Hakutazama alichokigonga. "Tayari. Kama kitabu chenyewe."

Joëlla alinyoosha mkono kuikamata karatasi. Mkono mwingine, mrefu zaidi, ulipita juu ya wake.

"Nipe nione," alisema Maître Prudence.

Aliisogeza karatasi kwenye mwanga uliobaki wa dirisha na kuvaa miwani. Alianza kusoma kwa midomo, bila sauti, kama wasomavyo watu kitu walichokikariri utotoni. Midomo ilikwenda haraka kuliko macho. Ilishuka mstari, ikashuka mstari mwingine, ikafika pale mama yake aliposimama mbele ya korti.

Kisha midomo ikasimama.